Uzuri na Deni Lake: Siku ya Kiangazi Katika Mji wa Natchez

Uzuri una haki yake juu ya jicho. Mtu akipita mbele ya ua lililochanua hawezi kujizuia asilitazame, wala haikupata kutungwa sheria ya kumkataza. Walakini vitu vizuri ni vya namna mbili. Viko vilivyofanywa na maumbile, kama ua, mto na machweo ya jua. Hivi havina jambo la kuulizwa. Viko na vilivyofanywa na watu. Na kila kilichofanywa na mtu chaweza kuulizwa maswali matatu: nani alikifanya, kwa amri ya nani, na kwa ujira gani. Insha hii yahusu jambo linalozuka wakati maswali hayo yanapopata majibu mabaya. Je, ni halali mtu kuufurahia uzuri uliojengwa kwa dhuluma?

Swali la namna hii likijadiliwa hewani halifiki mbali. Lahitaji mahali pa kukanyaga. Mahali panapofaa ni Natchez, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, wenye watu wapatao 14,500 kwa hesabu ya mwaka 2020. Mji huu umekaa juu ya genge refu, kiasi cha mita 60 juu ya Mto Mississippi, na umri wake ni mkubwa kwa kipimo cha nchi ile: Wafaransa walijenga ngome yao hapo mwaka 1716. Jina lake ni jina la watu waliokuwa wenyeji wa nchi hiyo kabla ya Wafaransa kufika. Wenyeji hao walipigana na wageni wao mwaka 1729, wakashindwa katika vita vilivyofuata, na wengi wao wakauzwa utumwani katika koloni la Saint-Domingue, ambalo leo ni nchi ya Haiti. Basi hata jina la mji ni jina la watu walioondolewa mjini. Baada ya Wafaransa walikuja Waingereza, kisha Wahispania, na mwisho wa karne ya 18 mji ukawa wa Marekani.

Na afikiriwe msafiri anayefika hapo asubuhi ya mwezi wa Julai. Joto limekwisha panda kabla ya saa tatu, nalo ni joto la unyevu ambalo mtu wa Tanga au Mombasa angelitambua kuwa ni jamaa yake. Mialoni mikubwa imetandaza matawi juu ya njia, na matawini mmening'inia majani ya kijivu kama ndevu za wazee. Majumba ni meupe, yenye nguzo ndefu mbele na baraza pana nyuma ya nguzo. Watu waketio barazani huwasalimu wapitao, hata wasiowajua. Hapana haraka. Mto ulio chini ya genge ni mpana, wa rangi ya udongo, nao wenda zake polepole. Msafiri akisimama mbele ya Stanton Hall, jumba lililokamilika mwaka 1857, moyo wake hutulia. Hasemi uongo akisema kuwa mahali hapa ni pazuri. Yapasa jambo hili likubaliwe tangu mwanzo, kwa kuwa hoja inayoanza kwa kukana kinachoonekana haina nguvu ya kuthibitisha kisichoonekana.

Utajiri uliojenga majumba haya ulitoka katika pamba. Mashini ya kuchambua pamba iliyobuniwa mwaka 1793 iliondoa taabu ya kutenga mbegu na nyuzi, na kwa hiyo ikaongeza mara nyingi kazi ya kulima na kuchuma. Kilichopunguza taabu ya mkono mmoja kiliita mikono mingine elfu. Wenye mashamba walikuwa na ardhi pande zote mbili za mto, nao wakajenga makao yao Natchez, mahali palipoinuka, penye upepo na mbali na mafuriko. Mwaka 1860 jimbo la Mississippi lilikuwa na watumwa zaidi ya 436,000, nao walizidi nusu ya watu wote wa jimbo. Frederick Stanton, mzaliwa wa Ireland aliyetajirika kwa biashara ya pamba, hakukaa sana katika jumba lake. Alifariki mwaka 1859. Nguzo zingali zimesimama. Ajengaye kwa jasho la wengine naye ni mpangaji tu.

Lipo jumba jingine ambalo msafiri hawezi kuondoka bila ya kuliona, nalo ni Longwood. Mwenyewe, Haller Nutt, alitaka nyumba ya pembe nane, yenye ghorofa sita na kuba juu yake, akamwita msanifu Samuel Sloan wa Philadelphia amchoree. Ujenzi ulianza mwaka 1860. Matofali yalichomwa papo hapo kwa kazi ya watumwa. Mwaka uliofuata vita vya Kaskazini na Kusini vilizuka; mafundi walioletwa kutoka Kaskazini wakaacha zana zao wakarudi kwao. Sehemu ya chini ikamalizwa na mafundi wenyeji pamoja na watumwa. Nutt alifariki mwaka 1864, na jamaa zake wakaishi katika vyumba hivyo vya chini, huku juu ya vichwa vyao kukiwa na ghorofa tupu ambazo hazijapata kumalizwa mpaka leo. Mgeni akipandishwa ngazi huona mifupa ya jumba: mihimili, matofali yasiyopakwa chokaa, na mwanga unaoshuka kutoka juu kabisa. Yafaa aione sehemu hiyo kuliko zote, kwa sababu katika majumba yaliyomalizika chokaa hufunika matofali na matofali hufunika mikono. Lakini hapa hapana kilichofunikwa.

Katika jumba la Melrose, lililojengwa katika miaka ya 1840 na ambalo leo ni mali ya taifa, pana chumba cha kulia chakula. Juu ya meza limening'inizwa pepeo kubwa la mbao lenye nakshi nzuri, nalo limefungwa kamba. Wenyeji na wageni wao walipokuwa wakila, mtumwa, mara nyingi mtoto, alisimama pembeni akiivuta kamba hiyo ili kupunga hewa na kufukuza nzi. Alitakiwa avute kwa kadiri: upepo ukiwa mdogo walaji waliona joto, ukiwa mwingi mishumaa ilizimika. Kwa hakika pepeo ni zuri. Wageni wa siku hizi hulisifu, nao wana haki. Lakini kamba ina ncha mbili, na sifa humwendea aliyekuwa mezani.

Msomaji wa Kiswahili ana jambo la kulikumbuka hapa. Pepeo la namna hii asili yake ni Uhindi, nalo huitwa panka. Katika Kiswahili lipo neno pangaboi, ambalo ni jina la feni ya darini, na neno hilo huelezwa kuwa limetokana na panka pamoja na boi aliyeivuta. Mvutaji amekwisha ondoka zamani. Umeme umeshika nafasi yake. Lakini jina la chombo bado limembeba ndani yake. Kila asemaye neno hilo, hata asipojua, humtaja mtumishi. Lugha imekuwa na kumbukumbu kuliko nyumba. Nyumba imetunza pepeo, kamba na meza, mtoto hakutunzwa.

Sasa swali laweza kurudi likiwa na uzito wake. Mbele yake watu husimama katika makundi matatu.

Kundi la kwanza husema kwamba uzuri ni jambo moja na haki ni jambo jingine. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 juu ya uamuzi wa uzuri, alitoa mfano ulio karibu sana na Natchez. Alisema kuwa mtu akiulizwa kama jumba lililo mbele yake ni zuri, aweza kujibu kwa kuwalaumu wakubwa waliotapanya jasho la watu kwa vitu visivyo na haja. Jibu hilo laweza kuwa la haki, lakini silo lililoulizwa. Aliyeuliza alitaka kujua kama jumba ni zuri. Hoja hii ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Nguzo haiongezeki urefu kwa sababu mwenyewe alikuwa mwema, wala haipindi kwa sababu alikuwa mwovu. Anayesema kuwa jumba ni baya kwa kuwa lilijengwa na watumwa amechanganya mizani mbili, na atashindwa siku atakapoonyeshwa kibanda kibovu kilichojengwa na watu huru.

Walakini Kant aliuliza juu ya uamuzi wa jicho, na mwanadamu haendi Natchez akiwa jicho tupu. Kuufurahia mji si kusema tu kuwa nguzo zimenyooka. Ni kukaa barazani na kutamani maisha ya barazani. Ni kuvuta pumzi na kusema moyoni, laiti mtu angeishi hivi. Hapo ndipo mizani mbili zinapokutana. Kinachosifiwa kimeacha kuwa jiwe, kimekuwa maisha. Na maisha yale hayakuwa na baraza bila ya shamba, wala utulivu wa huku bila ya mjeledi wa kule. Mtu aweza kuitenga nguzo na dhuluma. Hawezi kuutenga utulivu na dhuluma, kwa kuwa utulivu ule ulinunuliwa kwa kazi ambayo wengine walilazimishwa kuifanya.

Kundi la pili hukata shauri jepesi: uzuri wa namna hii na ukataliwe. Asiende mtu, asitazame mtu, na nyumba zikiporomoka ziachwe ziporomoke. Hasira yao ni ya heshima, na mara nyingi ni ya watu ambao babu zao walikuwa upande wa kamba. Lakini shauri lao lina gharama wasiyoihesabu. Majumba haya yalichorwa na wasanifu, yakalipiwa na wenye pamba. Lakini matofali yalifinyangwa na nani? Mbao zilipigwa randa na nani? Katika watumwa walikuwamo waashi, maseremala na wahunzi waliokuwa mabingwa wa kazi zao. Waliporwa uhuru, ujira na mara nyingi majina. Kitu kimoja hakikuweza kuporwa wakakosa kukiacha, nacho ni ustadi, maana ustadi uliingia ndani ya ukuta. Anayekataa kutazama ukuta amekataa kuutazama ushahidi pekee wa ubingwa wao. Mwizi alichukua malipo ya kazi. Na baada yake aje rafiki achukue sifa ya kazi? Dhuluma hiyo ingekuwa ya pili.

Tena, ulimwengu haugawanyiki kwa wepesi ambao kundi hili hulitaka. Katika mtaa wa State mjini humo ipo nyumba ya William Johnson. Alizaliwa mtumwa mwaka 1809, akaachwa huru mwaka 1820, akawa kinyozi mwenye mali, na tangu mwaka 1835 mpaka 1851 aliandika habari za kila siku za mji katika madaftari ambayo yalichapishwa mwaka 1951. Mtu huyu mweusi, aliyeujua utumwa kwa mwili wake, alikuwa naye na watumwa. Mwaka 1851 aliuawa kwa risasi katika ugomvi wa mpaka wa shamba, na muuaji hakuhukumiwa, kwa kuwa mashahidi walikuwa weusi na sheria haikukubali ushahidi wao. Alikuwa na mali ya kutosha kumiliki watu, lakini kifo chake hakikupata shahidi aliyekubalika. Nyumba yake nayo ichomwe au ihifadhiwe? Wapwani wanaojua habari zao wenyewe hawatashangaa. Huku nako walikuwako watumwa waliomiliki watumwa.

Kundi la tatu ndilo kubwa siku hizi, na maneno yake ni laini. Husema: ijulikane historia yote, nzuri na mbaya, kisha kila mtu na afurahi kwa amani. Bandika vibao, eleza wageni, weka vitabu dukani. Ujuzi utaitakasa furaha. Shauri hili laonekana kuwa la hekima, na hapana shaka ni bora kuliko ujinga. Lakini Natchez yenyewe ilikwisha lijaribu, na habari zake zastahili kuelezwa.

Mwaka 1788 mkulima mmoja wa hapo, Thomas Foster, alimnunua kijana Mfulani aitwaye Abdulrahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, nchi iliyo katika Guinea ya leo. Kijana alikuwa amesoma, akijua kuandika Kiarabu, na alikuwa ameongoza jeshi la baba yake. Bwana wake akampa jina la Mwana-Mfalme kwa mzaha. Mwaka 1807, alipokuwa akiuza mazao karibu na Natchez, alikutana na daktari John Cox, Mzungu ambaye miaka mingi nyuma alipotea Afrika akiwa mgonjwa, akaokotwa na kutunzwa nyumbani kwa baba yake Ibrahima huko Timbo. Daktari akamtambua. Akaenda kwa Foster akataka kumnunua ili amwachie huru, na Foster akakataa. Tangu siku ile mji mzima ulijua kwamba mzaha ulikuwa kweli. Watu walimwonyesha Ibrahima kwa vidole kama kitu cha ajabu. Habari zake zikawa pambo la mji. Naye akarudi shambani kuvuna pamba kwa miaka mingine 20 na zaidi. Uhuru wake ulikuja mwaka 1828, baada ya barua aliyoiandika kwa Kiarabu kufikishwa Morocco na serikali ya Marekani kuingilia kati. Akazunguka miji ya Kaskazini akichangisha fedha za kuwakomboa watoto wake. Zilizopatikana zilitosha kwa baadhi yao tu. Alifika Liberia mwaka 1829 na huko akafa mwaka uleule, asiione tena Futa Jallon.

Basi kujua hakutoshi. Natchez ilijua. Ilijua kwa miaka 20, ikaipenda habari iliyoijua, na habari ile haikumpunguzia Ibrahima hata mzigo mmoja wa pamba. Ujuzi usiomdai mjuzi kitu huwa nakshi nyingine katika nyumba. Humfanya mgeni aongeze kwenye raha ya kuona raha ya kuhuzunika kidogo, kisha aende kula. Hii ndiyo hatari ya kundi la tatu, nayo ni kubwa zaidi kwa sababu inafanana na wema.

Kila kundi lina tundu, na ni lazima lipatikane jambo ambalo yote matatu yamelikosa. Jambo hilo ni deni. Mtu aliyekula chakula cha mwenziwe hawezi kutoka katika jambo lake kwa kusema kuwa chakula hakikuwa kitamu. Hiyo ni njia ya kundi la pili. Hawezi kutoka kwa kusema kuwa utamu ni jambo moja na malipo ni jingine; hiyo ni ya kwanza. Wala hatoki kwa kukiri kuwa anajua chakula kilikuwa cha nani. Hiyo ni ya tatu. Anatoka kwa kulipa. Aliyeufurahia uzuri wa Natchez amekwisha pokea kitu kutoka kwa watu ambao hawakulipwa. Furaha yake si dhambi, ila ni stakabadhi: yaonyesha kwamba amepokea.

Hapa mtu wa Afrika Mashariki aweza kusema kwamba deni ni la Wamarekani, yeye ni mpita njia. Na afungue sanduku la bibi yake. Katika karne ya 19 hapakuwa na nguo iliyojulikana Unguja na bara kuliko merikani. Nguo hii ililetwa na wafanya biashara wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said kuandikiana mkataba na Marekani mwaka 1833. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa nchi ile, kwa pamba ya kusini iliyochumwa na watumwa. Ilipofika huku ilikuwa vazi na ilikuwa fedha: pagazi alilipwa kwayo, hongo ya njia ilitolewa kwayo, na bei za bara zilihesabiwa kwa shuka na doti. Marobota yaliyorudi baharini yalikuwa ya gundi ya sandarusi na ngozi, pamoja na pembe za ndovu, na pembe hizo zilikwenda Connecticut kuchongwa vidole vya piano, pambo lililopendwa katika sebule za matajiri wa siku zile. Vita vya mwaka 1861 vilipokata pamba ya kusini, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Bombay zikashika soko lake. Risasi zilizopigwa Amerika zilibadilisha mavazi ya Tabora. Na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, ambayo kila mgeni huisifu, ilisimamishwa katika utajiri wa karafuu na wa watu waliouzwa katika soko lililofungwa mwaka 1873. Hapana pwani ambayo mtu aweza kusimama juu yake akaitazama Natchez kwa miguu mikavu.

Lakini hapo hoja hupata adui mpya. Kama kila mtu ni mdaiwa, hapana mdaiwa. Deni linalogawanywa kwa ulimwengu mzima humwangukia kila mmoja kama vumbi, hulipangusa akaendelea. Wapo wanaopenda kusema kwamba watu wote walikosea ili pasiwe na mkosaji. Jibu lake ni kwamba madeni hayalingani, ingawa yote ni madeni. Aliyevaa nguo si sawa na aliyeshika mjeledi. Aliyerithi shamba si sawa na aliyenunua tikiti ya kulitazama. Kila mtu alipe kwa kadiri ya alichopokea. Mrithi wa ardhi ana swali la ardhi. Serikali ina swali la sheria zilizozuia ushahidi wa weusi na shule za weusi, na ambazo hazikuisha mwaka 1865: Oktoba ya mwaka 1965, miaka 100 baada ya vita, mamia ya watu weusi wa Natchez walikamatwa kwa kuandamana, na wengi wakapelekwa katika gereza la Parchman mbali na mji. Mwanachuo ana swali la kitabu anachoandika. Na msafiri, mwenye deni dogo kuliko wote, ana swali la siku yake moja: ataitumia vipi, na atasimulia nini akirudi?

Wenyeji wa Natchez wamempa msafiri neno la kumsaidia, pengine bila ya kukusudia. Tangu mwaka 1932 vyama vya wanawake wapenda bustani vimekuwa vikifungua majumba kwa wageni kila majira ya kuchipua, na ziara hiyo kwa Kiingereza huitwa kwa jina lenye maana ya hija. Kwa miaka mingi jina lilikuwa pambo tu. Wageni walionyeshwa nguo za zamani na dansi za zamani. Lakini neno likitajwa hudai haki yake. Hija ina masharti. Anayekwenda hija hulipa madeni yake kabla ya kuondoka, huomba radhi kwa aliowakosea, na hufika mahali akiwa mnyenyekevu. Asiyefanya hayo amesafiri, hakuhiji. Kama Natchez ni mahali pa hija, basi ni lazima iulizwe kaburi la mtakatifu li wapi.

Kaburi halina alama ndani ya majumba. Jioni, joto linapopungua, msafiri aweza kuiacha mialoni akaenda mwendo mfupi kuelekea mashariki mpaka njia panda ambayo kwa Kiingereza huitwa Forks of the Road. Kuanzia mwaka 1833 hapa palikuwa na soko la watumwa ambalo, kusini kote kwa mbali, lilizidiwa na la New Orleans tu. Hapakuwa na mnada. Watu walipangwa kwa safu, wamevishwa nguo safi, na mnunuzi aliingia kama aingiavyo dukani, akachagua, akapatana bei. Wengi walikuwa wametembezwa kwa miguu kutoka Virginia na Maryland, wamefungwa minyororo, mamia ya maili. Wakati wa vita jeshi la Kaskazini liliuteka mji, na askari weusi, ambao baadhi yao walikuwa watumwa jana yake, walivibomoa vibanda vya soko na mbao zake zikatumika kujengea kambi.

Tangu mwaka 2021 mahali hapa pamo katika hifadhi ya taifa. Pana majani, vibao vichache vya maelezo, na pingu za chuma zilizopachikwa katika saruji. Magari hupita. Hapana nguzo, hapana baraza, hapana pepeo. Jicho halipati kitu cha kushika, na kwa hiyo wageni wengi hawafiki. Na wale wanaofika hukaa dakika chache. Hapa ndipo furaha ya asubuhi inapoweza kupimwa. Kama msafiri ametoa saa sita kwa majumba na hana nusu saa kwa njia panda hii, basi alichopenda asubuhi kilikuwa ni raha. Kama aweza kusimama, akaisoma bei ya mtu, akafikiri kwamba aliyeuzwa hapa alikwenda kuchoma matofali ya Longwood au kuvuta kamba ya Melrose au kuchuma pamba iliyovaliwa Unguja, basi alikuwa amependa uzuri wenyewe, kwa kuwa amemtafuta aliyeufanya.

Jibu la swali, basi, ni kwamba kuufurahia uzuri uliojengwa kwa dhuluma ni halali kwa sharti ambalo huambatana na kila mkopo. Anayetazama na akubali kwamba amepokea. Amtafute aliyempa, kwa jina pale jina lilipo, na kwa kazi yake pale jina lilipopotezwa. Na arudishe kwa kadiri ya alichopokea, katika nchi ile na katika nchi yake mwenyewe. Asiyetaka sharti hilo hakatazwi kutazama, maana jicho halifungwi kwa sheria. Lakini ajue kwamba ameketi mezani pa Melrose, upepo wampiga usoni, na nyuma yake yuko mtoto aliyesimama.